Mkwe Aliyesimama Ng'ambo ya Barabara

Kilichomuudhi Wamalwa si kwamba Gathogo alikuwa na gari. Wenye magari ni wengi Eldoret, na wengine wao hata kuyaendesha hawajui. Kilichomuudhi ni kwamba kila mvua iliponyesha na Gathogo akamkuta barabarani na baiskeli yake, Gathogo alipunguza mwendo.

Wengine walipita kwa fujo wakamrushia matope mpaka kifuani. Hao aliwatukana mpaka kwa mama zao, akajipangusa uso, akaendelea na safari yake akiwa na moyo mweupe. Lakini ile Probox nyeupe ya Gathogo ilikuja polepole kama bibi harusi, waipa zikienda huku na huku, ikampita kando bila kumrushia hata tone. Ndani alikaa Gathogo na shati kavu, akainua kidole kimoja juu ya usukani kumsalimia. Wamalwa aliijua maana ya ule mwendo. Anataka nimtazame vizuri, alijiambia. Anataka nione vile shati limenyooka.

Kwa hesabu ya ukoo watu hawa walikuwa wanyumba, maana walioa ndugu wawili. Wamalwa alimwoa Nelima, na miaka michache baadaye Gathogo, mtu wa Burnt Forest asiye Mbukusu kama wao, akaja akamwoa Sitawa, mdogo wake Nelima. Wao wenyewe waliitana shemeji tu, kama watu wote wa huku bara. Waliishi mtaa wa Pioneer, ploti mbili zilizotenganishwa na ua wa michongoma. Gathogo alinunua viazi huko Ainabkoi akauza mjini. Wamalwa aliamka alfajiri, akaenda kwa wafugaji wa upande wa Kapseret, akafunga mitungi ya maziwa huku na huku ya keria ya baiskeli, akasambaza hotelini na majumbani. Kazi ilikuwa moja, kubeba chakula kutoka shamba kukileta mjini. Mmoja aliifanya akisikiliza redio, mwingine akisikiliza meno yake yakigongana.

Na msimu wa mvua ulikuwa na matusi yake. Jerop, mwenye hoteli pale kona, alikuwa akichovya kidole kwenye maziwa, akakilamba, akamtazama Wamalwa kichwa mpaka miguu jinsi alivyolowa. "Leo umetuongezea ya mbinguni?" aliuliza mbele ya wateja, na wateja wakacheka. Wamalwa alicheka nao. Ungefanya nini?

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Siku za mvua Gathogo aliwapitia watoto wote wa pande mbili za ua na kuwafikisha shuleni, na Nanzala binti yake Wamalwa alirudi jioni soksi zikiwa nyeupe vilevile. Siku moja Nelima naye alipewa lifti kutoka sokoni. Aliporudi alikuwa na mashavu yaliyochangamka.

"Shemeji ana hita mle ndani," alisema akivua skafu. "Unasahau kabisa kama kuna baridi."

"Ana nini?"

"Hita. Inapuliza joto miguuni."

Wamalwa alikuwa ameketi karibu na jiko la makaa, suruali yake ikitoa mvuke. Alisogeza miguu karibu zaidi na makaa. Lakini hilo neno hita lilimkaa kifuani wiki nzima, akilala nalo, akiamka nalo. Wivu ni kidonda, na wake ulikuwa umeshaanza kutoa usaha.

*

Mwezi ule mama mkwe wao alikuwa aje kutoka Kimilili kupasuliwa jicho. La kushoto lilikuwa limezima zamani, na la kulia lilikuwa limefunikwa na utando mpaka akawa anawajua watu kwa sauti. Madaktari wa macho walikuja katika hospitali moja ya kanisa pale mjini mara moja kwa mwaka, na ukikosa siku yako, basi, utangoja mwaka mwingine. Nesi alikuwa amemwonya Nelima kwa simu.

"Mlete asubuhi, akiwa ameoga," alisema. "Na asije na kikohozi. Mtu akikohoa juu ya kitanda jicho linatingishika. Huyo hatumgusi, tunamrudisha nyumbani."

Mambo yakapangwa. Nelima angekwenda stage ya matatu mapema na mwavuli, ampokee mamake. Wamalwa angefuata na baiskeli kubeba mizigo, maana mama mkwe haji mikono mitupu. Jioni ile Wamalwa aliosha baiskeli yake mpaka spoku, akatia mnyororo mafuta. Nelima alimwona akafurahi. Mke hakujua kwamba mume alikuwa akihesabu kitu kimoja tu rohoni: kwamba kwa mara ya kwanza kuna kazi ya ukoo inayoihitaji baiskeli, na gari halimo.

Usiku ulipoisha mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Nelima alitoka na mwavuli. Wamalwa alikuwa anajifunga nailoni mabegani aliposikia simu ikilia.

"Shemeji, umeamka?" Ilikuwa sauti ya Gathogo.

"Nimeamka."

"Hii mvua imezidi. Nimemfikiria Mama. Atatoka hapo stage aende hospitali namna gani? Mimi niko hapa mjini nimeshusha viazi, gari iko tupu. Nimchukue?"

Wamalwa aliacha kufunga nailoni.

"Nauliza kwa sababu najua mko na mambo yenu ya mama mkwe," Gathogo akaendelea. "Siku ya mahari niliambiwa nisimpe mkono, na sikumpa. Sasa hii ya gari sijui. Sitawa nampigia simpati, unajua kule kiwandani simu zinaachwa kwa geti. Nelima naye simu inalia tu hashiki. Wewe ndiye mwenye mila, niambie. Kuna ubaya?"

Ubaya ulikuwepo, na mtoto yeyote wa Kibukusu aliujua. Mtu na mama mkwe hawakai benchi moja. Hawajikingi mvua chini ya paa moja dogo. Wanasalimiana kwa mbali, uso ukiangalia pembeni, na ndani ya gari dogo namna ile, magoti yakikaribiana, mama mzee angeona afadhali afe njiani. Hiyo ndiyo heshima yake, na hana nyingine. Wamalwa angeweza kuyasema hayo kwa pumzi moja. Hata neno moja tu lingetosha.

Akaitazama baiskeli yake iliyooshwa, imeegemezwa ukutani. Akaona gari likija tena, na hita yake, kuchukua hata kazi hii.

"Hayo yalikuwa ya wazee wa zamani," akasema. "Mchukue tu. Mfungulie mlango wa mbele akae vizuri. Washa na hita."

"Asante, shemeji. Nilikuwa na wasiwasi."

Simu ikakatika. Wamalwa akapanda baiskeli na kukanyaga kwa nguvu ambazo hajawahi kuzipata kwenye mvua. Matone yalimpiga usoni kama mtu anayetupiwa mahindi, upepo ukamsukuma kifuani, na yeye anacheka peke yake. Alitaka awahi. Alitaka aione.

*

Alisimama ng'ambo ya barabara, mbali kama inavyotakiwa, chini ya mti usiokinga chochote. Mama mkwe alikuwa ameshashuka. Nelima alikuwa amemketisha kwenye veranda ya duka la mbegu, kikapu na jogoo aliyefungwa miguu vikiwa kando yake, kisha akaenda kutafuta teksi. Teksi za pale zote zilikuwa zimeshachukuliwa. Mvua ikinyesha Eldoret kila mtu huwa tajiri.

Probox ikafika. Gathogo akashuka, mtu mnene mwenye kutembea upesi, akafungua mlango wa mbele na kuuacha wazi joto litoke. Kisha akafungua mwavuli mkubwa, akapanda verandani, akauinua juu ya kichwa cha mama mkwe wake.

"Mama, habari ya safari? Ni mimi Gathogo. Twende kwa gari, usilowe."

Mama aliitambua sauti. Alishtuka mwili mzima mpaka akaangusha fimbo, akavuta leso akafunika uso, akarudi nyuma hatua. Gathogo akadhani mwavuli haumfikii, akasogea. Mama akarudi tena. Gathogo akasogea tena, akiunyoosha mkono ule wenye mwavuli kwa huruma yake yote, na mama akarudi, akarudi, mpaka veranda ikamwishia, akashuka kwenye mvua. Naye Gathogo akamfuata huko huko.

"Mama, utalowa, Mama."

"Baba, niache," mama alisema kutoka ndani ya leso. "Nakuomba, niache."

Watu waliokuwa wamejikinga pale wakaanza. Muuza mayai alijipiga paja. "Mkwe anamfukuza mama mkwe," alisema kwa sauti, na wanaoijua mila wakawaeleza wasioijua, na kicheko kikaenda kutoka duka hadi duka. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na Gathogo alikuwa gizani mchana kweupe. Alitabasamu tabasamu la mtu anayechekwa na hajui kosa lake, huku amenyoosha mwavuli unaokinga hewa tupu.

Ng'ambo ya barabara, Wamalwa alijisikia mwepesi. Haya, alisema moyoni. Haya, hita imsaidie sasa. Alikuwa ameingoja siku hii bila kujua anaingoja, na ilikuwa tamu.

Kisha mama akakohoa.

Alikohoa mara ya kwanza kidogo, kama anayesafisha koo. Kisha akainama akakohoa kwa kifua chote, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kitambaa cha kichwa yakaingia kwenye lile jicho moja lililobaki. Gauni lake la kanisani lilikuwa limemshika mgongoni. Alipapasa hewa akitafuta fimbo yake, hakuipata, na hakuna aliyethubutu kumpa, maana mkwe alikuwa katikati. Ule utamu ukamtoka Wamalwa mara moja. Alitaka kuvuka. Mguu haukuvuka, kwa kuwa yeye naye ni mkwe, na angefika pale afanye nini?

Nelima akatokea akikimbia, mwavuli umepinduka.

"Gathogo, rudi nyuma! Rudi, rudi kabisa, nenda kule kwa gari." Akamshika mamake, akampandisha verandani, akamkumbatia. Mwili wote wa mama ulikuwa unatetemeka. Nelima aligeuka na macho makali. "Nani alikuambia uje? Hujui huyu ni mama mkwe wako? Hawezi kukaa na wewe kwa gari, hawezi hata kusimama na wewe kwa mwavuli. Hakuna mtu alikuambia?"

Gathogo alielewa. Ilionekana usoni jinsi alivyoelewa. Akageuza kichwa, macho yake yakavuka barabara, yakamkuta Wamalwa chini ya mti, baiskeli mkononi. Yakakaa pale.

"Wamalwa aliniambia," alisema. "Alinikataza asubuhi. Mimi ndio nikajifanya kichwa ngumu, nikaona mvua ni mingi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini barabara haikuwa pana. Wamalwa aliyasikia yote.

Gathogo hakungoja jibu. Aliwageukia watu waliokuwa wakicheka. "Nani hapa anajua kuendesha gari?"

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyeegemea pikipiki yake chini ya paa, akainua mkono. "Mimi nilikuwa naendesha lori, kanta ya mbao."

"Unaitwa nani?"

"Jacktone."

"Jacktone, mpeleke huyu mama na binti yake hospitali ya macho. Hita iko pale chini ya redio, fungua yote." Akamtupia ufunguo.

Jacktone aliudaka akautazama. "Mzee, hunijui."

"Si umeniambia jina. Enda, mama anapata baridi."

Wamalwa aliufuata ule ufunguo kwa macho tangu ulipotoka mkononi mwa Gathogo. Yeye baiskeli yake hakuwahi kumwazima mtu. Kaka yake Nelima alimwomba siku moja apeleke mahindi kusagwa, akamwambia breki ni mbovu, na breki zilikuwa nzima. Sasa aliona mlango unafungwa, gari linaondoka na mama mkwe, na mizigo, na jogoo, na kwenye usukani mtu asiyejulikana. Mwenye gari alibaki kwenye mvua akikunja mwavuli, kana kwamba hana haja nao tena.

Gathogo akavuka barabara.

"Nibebe," alisema.

*

Kutoka pale hadi hospitali kuna mlima mrefu, na Gathogo hakuwa mtu mwepesi. Alikaa kwenye keria ambapo mitungi hukaa, miguu ameitanua, mikono imeshika kiti. Wamalwa alisimama juu ya pedali akakanyaga. Mvua iliwajia mbele. Kila lori lililopita liliwamwagia maji ya barabara nzima.

"Kumbe nilikuwa nimesahau," Gathogo alisema baada ya lori moja. "Ukiwa ndani ya gari mvua ni sauti tu. Inagonga bati, unaongeza redio. Hapa inakutafuta mpaka kwa kwapa."

Wamalwa alihema.

"Nilikuwa na baiskeli Burnt Forest kabla ya hizi viazi zinipe gari. Siku moja natoka kununua kitambaa cha harusi ya dadangu, cheupe, nimekifunga hapa nyuma. Pikapu moja ikapita kwa dimbwi." Alikaza mikono kwenye kiti. "Kikaharibika chote. Huyo dereva hata hakuangalia nyuma. Niliapa nikipata gari sitamfanyia mtu mwenye baiskeli hivyo. Ndio maana nikikuona huwa naenda polepole."

Wamalwa alikanyaga. Mnyororo ulikuwa unalia licha ya mafuta yote aliyoutia.

"Ulinipigia simu asubuhi," alisema mwishowe.

"Ee."

"Ukaniuliza."

"Ee."

"Nikakuambia umchukue."

"Ulisema," Gathogo akajibu nyuma yake. "Shika kushoto, hapo mbele kuna shimo."

Basi. Wamalwa alingoja atukanwe mpaka geti la hospitali, akikaza mgongo kama mtu anayejua kiboko kiko juu, na kiboko hakikushuka. Angeshukuru kama kingeshuka.

*

Walikaa nje ya wodi, kwenye benchi la simenti, maji ya nguo yakiwadondokea miguuni. Jacktone alikuwa amesharudisha ufunguo akaenda zake. Ndani, mama alikuwa amevuliwa nguo mbichi, akafunikwa blanketi, akapewa uji. Aliendelea kukohoa. Daktari alimpima kifua akatingisha kichwa, akasema huyu awekwe mwisho kabisa, na kama kikohozi hakijatulia arudi nyumbani. Nelima alitoka nje akawaambia hivyo, akarudi ndani bila kumtazama mumewe.

Wagonjwa waliingia mmoja mmoja, wakatoka na bandeji. Kila mlango ulipofunguliwa Wamalwa alisikia kifua cha mama mkwe wake. Alikuwa ametaka kuona mtu mmoja akiaibika, basi, na sasa alikuwa ameweka jicho la mtu mwingine rehani. Alimwomba Mungu, na haikuwa kawaida yake. Jioni ilipokaribia, mlango ulifunguliwa na hakusikia kitu. Nesi akasema mama ametulia, amelala, daktari amekubali kumpasua.

Kesho yake wakamfungua bandeji. Nelima alisimulia kwamba mama alitazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma, kisha akamtazama Nelima na kumwambia amekonda. Alikwenda kupumzika mtaani Langas kwa binamu yake, maana kwa wakwe halali. Kabla hajaondoka alimwachia Nelima maagizo pamoja na yule jogoo.

Jumapili jogoo alichinjwa. Nelima alimpika bila haraka, akasonga ugali, akampelekea Wamalwa mezani. Juu kabisa ya bakuli aliweka firigisi, ile imondo ambayo kwao hailiwi na mwingine ila mwenye nyumba.

"Mama amesema huyu jogoo ni wako," alisema. "Anasema yule mwingine ni mtu mzuri lakini hasikii akikatazwa. Wewe, ameambiwa, ulisimama ng'ambo ya barabara kwa mvua yote ile, hukumsogelea. Anasema amejua ni mkwe yupi ana heshima."

Wamalwa aliitazama firigisi. Hiki ndicho alichokitaka miaka yote, apimwe pamoja na Gathogo na mzani ulalie kwake. Sasa umelala.

"Nelima," alisema. "Ile siku Gathogo alipiga simu."

"Shemeji Gathogo namjua," Nelima alimkatiza. "Hajawahi kukatazwa kitu akakifanya. Hata Sitawa akimwambia asiweke chumvi, haweki." Akasukuma bakuli mpaka likamgusa mumewe mkono. "Kula, Baba Nanzala. Ni yako."

Akala. Firigisi ni nyama ngumu, lakini ile ilikuwa imepikwa ikaiva vizuri. Alitafuna na kutafuna, na Nelima akakaa pale akimtazama mpaka alipomeza.

*

Wiki iliyofuata mvua ilirudi. Wamalwa alikuwa anatoka Kapseret, mitungi imejaa, kichwa ameinamisha, vidole vimekufa ganzi kwenye breki. Mbele yake kulikuwa na dimbwi lililochukua nusu ya barabara. Akasikia gari nyuma. Alilijua kwa mlio kabla ya kuliona.

Zamani aliuonea wivu usukani, na shati, na ile hita. Hivyo vyote sasa angeweza kumwachia mwenyewe na asigeuke. Alichomwonea wivu sasa hakiuzwi kwenye yadi ya magari, na hata angepata pesa za Eldoret nzima asingekifikia. Akashika kushoto, karibu kabisa na dimbwi, akangoja.

Pita kwa nguvu, aliomba moyoni. Nimwagie. Nimwagie hata leo tu, tuwe sawa.

Probox ikapunguza mwendo. Ikalizunguka dimbwi polepole kwa upande wa mbali, waipa zikienda huku na huku, na juu ya usukani kidole kimoja kikainuka kumsalimia.